Kichanga anakodoa macho, anakakamaa au anarusha viungo: fanya hivi, hatua kwa hatua

Haya ndugu zangu wa kusini, Mtwara na Lindi na vijiji vyake vyote, naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma tu. Maana simu yangu haipoi. "Nesi, mtoto ana siku tatu, anatafunatafuna mdomo na macho yameenda upande, ni degedege?" "Nesi, mama mkwe anasema kapitiwa na ndege, tumfukize kwanza ndo tuje?" "Nesi, nimpe panadol nusu?" Na ukiuliza vizuri unakuta meseji imeingia saa tano usiku, tukio lenyewe lilitokea asubuhi.

Jibu fupi kabla hujasoma mengine: mtoto ambaye hajamaliza siku 28 akishikwa, hata mara moja, hata nusu dakika, hata kama baada ya hapo kanyonya vizuri na kulala, anaenda hospitali siku hiyohiyo. Lile degedege la homa tulilolizoea ni la watoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5. Kichanga hana hilo. Yeye akishikwa maana yake kuna kitu kinausumbua ubongo saa hizi. Inaweza kuwa alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, sukari imeshuka, wadudu wameingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo, damu imevuja kichwani, kalsiamu au chumvi ya mwili imekaa vibaya, manjano imezidi, au ni pepopunda. Wapo pia waliozaliwa na kifafa chenyewe, wengine kwa kurithi, lakini hao ni wachache. Kwahiyo usianze kulia kwamba mwanao ana kifafa cha maisha. Lilia muda, maana sukari ikishuka na kukaa chini kwa masaa inaua ubongo, na dawa ya kuirudisha ni dripu tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Hivi uviandae mimba ikiwa na miezi 8, sio siku ya tukio.

- Namba 115. Hiyo ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kupiga ni bure. Iandike ukutani kwa mkaa kama simu zenu zinazima zima.
- Simu yenye chaji, ikiwa inapiga vidio ni bora zaidi. Kama ni ya batani usijali, nitakwambia chini.
- Saa yoyote inayoonyesha dakika.
- Kofia ya mtoto, soksi, kanga safi mbili tatu zilizokauka vizuri.
- Kadi ya kliniki ya mama na karatasi zote za kujifungulia. Zikae sehemu moja, sio moja kwa bibi nyingine kwenye sanduku la nguo.
- Hela ya nauli iliyofungwa pembeni, na namba ya bodaboda au bajaji anayekubali kuamshwa usiku. Kwa sera, mtoto chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ila beba akiba, dawa ikikosekana dirishani utatumwa duka la nje.
- Ruhusa. Hiki ndo kinasahaulika na ndo kinachelewesha kuliko barabara. Kaeni mkubaliane mapema kwamba likitokea jambo mama anaondoka na mtoto bila kusubiri mtu. Baba yuko shamba la korosho, mjomba yuko Newala hapatikani, bibi anasema mzazi hatoki mpaka arobaini, basi mtoto anabaki ndani anashikwa mara ya tatu, ya nne. Arobaini ni mila yetu naiheshimu, lakini haijamkataza mtu kwenda hospitali, waulizeni wazee wenyewe vizuri watawaambia.

Hatua ya 1: Mvue nguo, washa taa, mwangalie mwili mzima

Watu wengi wanasubiri waone mtoto anajipigapiga chini kama mtu mzima mwenye kifafa. Kichanga hafanyi hivyo. Ubongo wake bado haujaunganika vya kutosha, kwahiyo tukio linatokea vipande vipande, mara huku mara kule, na mengi ni madogo kiasi kwamba mama anadhani mtoto anacheza. Kwahiyo fungua nguo zote (funga dirisha kwanza asipigwe baridi), leta tochi kama umeme umekatika, angalia haya:

Macho. Yanakodoa sehemu moja hayapepesi, au yanavutwa upande mmoja yanang'ang'ania huko, au kope zinachezacheza mfululizo. Ukipitisha uso wako mbele yake hakufuati, kama hayupo.

Mdomo. Anatafunatafuna, anamung'unya, anatoa ulimi na kurudisha, na hamna ziwa wala kidole mdomoni.

Mikono na miguu. Miguu inazunguka kama anaendesha baiskeli, mikono inapiga makasia, tena kwa mtindo uleule unaojirudia. Au kiungo kimoja kinagonga kwa mapigo yanayohesabika, moja, mbili, moja, mbili, mapigo kama mawili kwa sekunde. Saa nyingine kinahama, kimeanza mkono wa kulia unakuta kiko mguu wa kushoto.

Kukakamaa. Mwili mzima au upande mmoja unakuwa mgumu, mgongo unapinda nyuma, ngumi zimefungwa.

Pumzi. Anaacha kupumua kidogo na rangi inabadilika. Kwa watoto wetu weusi usiangalie ngozi ya mwili, angalia midomo, ulimi na ufizi, ndo zinaonyesha bluu au kijivu.

Kustuka kwa ghafla. Mshtuko mmoja wa haraka wa mkono au mwili mzima, unarudi, unarudi tena, wakati yuko macho na hamna kelele yoyote.

Hata kimoja tu kati ya hivyo, kikiwa kinajirudia kwa sura ileile, twende hatua ya 2. Isipokuwa lile la kuacha kupumua na kubadilika rangi, hapo usijaribu jaribu kitu, ruka moja kwa moja hatua ya 4 na simu ipigwe na mtu mwingine.

Hatua ya 2: Jaribio la kiganja

Hili ndo nalifundisha kila mzazi akipewa ruhusa wodini maana linatenganisha mambo mengi kwa sekunde chache. Shika taratibu ule mkono au mguu unaotetemeka, ukunje kidogo kuelekea kifuani, kaa nao.

Ukitulia palepale chini ya kiganja chako, na macho yake yako sawa, anakutazama, anaweza kunyonya, basi huenda ni kutetemeka tu. Vichanga wanatetemeka wakilia, wakipata baridi, wakiwa na njaa. Mweke ziwani saa hiyohiyo na mfunike. Lakini usiishie hapo ukalala: kutetemeka kunakorudi rudi ndo dalili mojawapo ya sukari kushuka, hasa kwa mtoto aliyezaliwa mdogo, njiti, pacha, au ambaye mama yake ana kisukari, kwahiyo kikirudi mpeleke akapimwe sukari, ni tone moja la damu ya kisigino.

Ukiendelea kugonga chini ya kiganja chako, mapigo yaleyale huwezi kuyazuia, hilo ni tukio. Macho yakiwa yamevutwa pembeni ndo kabisa.

Sasa kuna mawili yanawachanganya watu. La kwanza, mtoto anarusha mikono akiwa usingizini tu, macho yamefumba. Hapo usimshike, kumbana kunaweza kuzidisha, wewe mwamshe. Akiamka ikakata palepale na akawa mzima kabisa, hiyo ni mishtuko ya usingizi, haina shida na inaisha yenyewe kwa miezi. La pili ni ule mstuko wa mlango ukipigwa: mikono inafunguka halafu inarudi kifuani na analia. Huo kila kichanga anao, kwanza akiukosa ndo tunaogopa. Kwikwi pia sio kifafa jamani, naulizwa sana.

Ukiwa hujui ni lipi, hesabu kwamba ni tukio. Hamna nesi mwenye akili atakayekucheka kwa kuleta mtoto mzima.

Hatua ya 3: Piga vidio, angalia saa

Kama kuna mtu wa pili, ampige vidio. Mwili mzima uonekane, kisha sogeza usoni kwenye macho na mdomo, kisha rekodi ukiwa umemshika ule mkono ili daktari aone unatulia au hautulii. Dakika moja inatosha. Usiongee ongee juu ya vidio, usiweke muziki (usicheke, nimeshaletewa).

Vidio hii ina thamani kubwa kuliko unavyofikiri. Kipimo chenyewe cha kuthibitisha ni kile cha umeme wa ubongo, EEG, na hospitali nyingi hazina cha kutumia kwa vichanga. Kwahiyo daktari anategemea macho yake, na mtoto akifika mapokezi huwa ametulia kimya kama hajawahi kusumbua. Mwenye simu ya batani atazame saa ilianza lini, iliisha lini, kiungo gani kilianza, macho yalienda kulia au kushoto, midomo ilikuwa rangi gani. Yaandike hata kwenye boksi la sabuni.

Na tafadhali, vidio ni ya daktari. Sio ya status.

Hatua ya 4: Mlaze ubavu, ondoa, usiongeze

Mlaze kwa ubavu juu ya kitu bapa, kichwa kiwe sawa na mwili, shingo isikunjwe wala isivutwe nyuma. Maziwa au mate yakitoka futa kwa kitambaa kwa nje. Legeza kila kitu shingoni, pamoja na ile kamba ya hirizi kama ipo. Basi, subiri na hesabu.

Makosa ninayokutana nayo hapa, na hili nitakaa nalo kidogo maana ndo linaua:

Kijiko au kidole mdomoni. Kichanga hana meno, hawezi kujing'ata ulimi, unachofanya ni kumziba.

Maji, maji ya sukari, asali, mafuta, dawa ya mizizi, chochote kupitia mdomo akiwa ameshikwa. Inaingia kwenye mapafu. Kuna mama mwenye nia njema kabisa anasikia "sukari imeshuka" basi anakoroga glukosi na kummiminia mtoto aliyezimia. Hapana.

Kumfukiza. Moshi wa kinyesi cha tembo, wa majani, wa ubani, wowote ule, unampeleka mtoto anayehangaika kupata hewa kwenye moshi. Na kumkojolea au kumwogesha kwa dawa baridi kunamshusha joto, na kichanga akipoa sukari nayo inashuka.

Chale. Wembe kwa kichanga ni mlango wa pepopunda na wa wadudu wa damu.

Dawa ya kifafa ya mtoto wa jirani au diazepamu iliyobaki tangu bibi augue. Kwa kichanga inaweza kusimamisha pumzi kabisa.

Panadol. Haina madhara makubwa kama hayo mengine ila haina kazi, inakupa tu moyo wa kusubiri nusu saa "tuone".

Bibi na babu simaanishi wakae kimya. Dua isomwe, isomwe ndani ya bajaji.

Tukio likiisha na hapumui: msugue mgongo kwa nguvu kiasi, kufuata uti wa mgongo, mara kadhaa. Bado? Mlaze chali, kichwa kikiwa kimenyooka, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi ndogo za mashavuni, sio za kifua chako chote, mpaka uone kifua chake kinainuka. Tano, kisha angalia. Bado hapumui, endelea huku mtu mwingine anapiga simu.

Hatua ya 5: Joto na ziwa

Tukio likikata na yuko macho, mweke ziwani. Akinyonya na kumeza, mwache anyonye kadri anavyotaka, hiyo ndo sukari yake. Akiwa amelegea, hashiki ziwa au maziwa yanamtoka pembeni, usilazimishe, usikamulie mdomoni, atawekewa mpira wa kumlishia hospitali.

Njiani abebwe ngozi kwa ngozi. Mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mweke kifuani kwako katikati ya maziwa, uso upande mmoja ili pua iwe wazi, mfunge na kanga, koti juu. Kwenye bodaboda upepo wa asubuhi unapiga haswa, na mtoto aliyefungwa mablanketi mgongoni anafika wa baridi, tena unakuwa humuoni akishikwa au akiacha kupumua. Kifuani unamsikia.

Hatua ya 6: Piga 115, ondoka

Sema hivi, usianze historia: "Nina kichanga wa siku nne, ameshikwa, niko kijiji fulani kata fulani." Watakuuliza maswali na kukuelekeza. Kama zahanati iko hapohapo kijijini pita, wana uwezo wa kumwangalia pumzi, kumpa dozi ya kwanza ya sindano za antibayotiki kabla ya rufaa na kupiga simu mbele. Ila usikubali kulazwa zahanati "tumwangalie mpaka kesho". Kichanga aliyeshikwa anatakiwa mahali penye daktari, oksijeni, kipima sukari na wodi ya vichanga: hospitali ya Ligula au ile ya kanda pale Mitengo kwa walio Mtwara mjini na jirani, Sokoine kwa Lindi mjini, na walio njia ya Masasi wana Ndanda na Nyangao karibu zaidi. Hospitali ya wilaya yako ikiwa karibu anzia hapo, kutulizwa mapema ni bora kuliko jina kubwa la mbali.

Walio Liwale na vijiji vya ndani Kilwa masika wanajua wenyewe, barabara inakatika. Nyie ndo msisubiri tukio la pili kabisa.

Hatua ya 7: Mwambie daktari haya, kwa mpangilio huu

1. Alizaliwa lini, saa ngapi, na tukio la kwanza lilikuwa lini. Masaa yana maana. Aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa mara nyingi anashikwa ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Anayeanza siku ya tano au ya kumi tunamfikiria zaidi uti wa mgongo, yaani meninjaitisi, na mengine.
2. Alilia papo hapo au alichelewa, alipuliziwa hewa? Uchungu ulichukua muda gani?
3. Chupa ilipasuka muda gani kabla ya kujifungua? Zaidi ya masaa 18 sema. Mama alikuwa na homa, sema. Maji yalinuka, sema.
4. Uzito. Mara ya mwisho kunyonya vizuri.
5. Kitovuni kimewekwa nini. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta, mate, sema tu hatukuchapi. Tanzania ilithibitishwa kutokomeza pepopunda ya vichanga mwaka 2012, lakini kutokomeza hapo maana yake wagonjwa ni wachache sana, mdudu wenyewe bado yuko udongoni. Mwenye pepopunda ananyonya vizuri siku 2 za mwanzo, baadaye taya linakaza hawezi kunyonya tena, akiguswa au akisikia kelele anakakamaa mwili mzima huku yuko macho na ana fahamu. Mwambie pia daktari kama mama alimaliza sindano zake za pepopunda.
6. Manjano, ilianza siku ya ngapi, imefika viganjani au nyayoni? Na kama nguo za mtoto zilihifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende kabatini, sema pia. Kuna watoto wana upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe za damu, ukanda wa pwani wapo, vile vidonge vinawavunja damu na manjano inapanda kwa kasi.
7. Alidondoka? Alipata sindano ya vitamini K, ile ya kuzuia damu kuvuja?
8. Kuna mtoto mwingine kwenye familia alifariki akiwa mchanga, au baba na mama mna undugu wa damu? Swali hili linaudhi watu lakini lina sababu, yapo magonjwa ya kurithi.

Halafu toa simu, onyesha vidio.

Hatua ya 8: Ndani ya wodi, nini kinafanyika

Nakwambia ili usitoroke na mtoto, maana wapo wanaotoroka.

Kwanza pumzi na joto, oksijeni kama inahitajika. Pili sukari, kisigino kinachomwa. Ikiwa chini, anapewa glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 2 kwa kila kilo, halafu dripu inaendelea. Wengine tukio linakata hapohapo na mama anashangaa.

Kama bado anashikwa na sukari iko sawa, dawa ya kwanza ni fenobabitoni. Dozi ya kuanzia ni miligramu 20 kwa kilo, mtoto wa kilo 3 anapata 60, inaingia polepole kama dakika 15 hadi 20 huku anaangaliwa anavyopumua. Nimeandika namba ili uelewe, sio ukaijaribu. Watu wenye ndugu Dar wananiuliza mbona hii dawa ya kizamani, si kuna levetirasetamu? Ni ya kizamani kweli, ipo tangu 1912, lakini utafiti uliotoka mwaka 2020 uliwalinganisha vichanga na fenobabitoni ikatuliza asilimia 80 kwa masaa 24, levetirasetamu 28. Kwahiyo hujapewa ya maskini. Baada ya dawa mtoto atalala sana siku moja mbili na kunyonya kutalegea, ni dawa, hajazimia. Ikigoma wanaongeza dozi, kisha fenitoini au nyingine, kalsiamu ikiwa imeshuka inarudishwa, na yule anayegomea dawa zote anajaribiwa vitamini B6 maana wapo wachache ambao shida yao ni hiyo tu.

Antibayotiki, kwa kawaida ampisilini na jentamaisini, zinaanza bila kusubiri majibu. Kama ni meninjaitisi jiandae kukaa wiki 2 hadi 3.

Na maji ya mgongo. Hapa ndo vita. "Wakimchoma mgongo anapooza", "wa fulani alichomwa akafa." Sindano inapita chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, inachukua matone ya maji tu. Yule wa fulani aliuawa na meninjaitisi, kipimo kilikuwa kinaitafuta. Bila hayo maji daktari anabahatisha dawa gani na siku ngapi. Kubali, saini.

Wewe kazi yako hapo ni kukamua maziwa kila masaa 3 usiku na mchana hata kama mtoto analishwa kwa mpira, la sivyo yatakauka, na kuandika kila tukio unaloliona na saa yake. Mama aliyekaa kitandani anaona mengi kuliko nesi mmoja mwenye watoto kumi na tano.

Hatua ya 9: Kurudi nyumbani

Wengi dawa inasimamishwa kabla ya ruhusa kama matukio yamekwisha na kilichosababisha kimetibiwa. Usidai dawa ya kubeba "kwa tahadhari", kukaa nayo miezi bila sababu sio salama kwa ubongo unaokua. Wachache watapewa, hasa walio na kifafa chenyewe. Ukipewa, nesi akuonyeshe kupima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mbele yake, urudie wewe mpaka aridhike. Saa ileile kila siku. Isiishe ghafla, isikatwe ghafla, nenda kliniki ikiwa imebaki ya wiki moja.

Kitovu kikae kikavu na wazi, bila kitu. Chanjo zinaendelea kama kawaida, waambie tu kliniki historia yake. Na tarehe za kurudi zishike hata kama mtoto ananenepa anacheka, tunaangalia shingo, macho, masikio, mikono kufunguka.

Mambo yakikwama

Hataki kunyonya, anahema mara 60 au zaidi kwa dakika, joto 37.5 kwenda juu au chini ya 35.5, amelegea: hajashikwa bado lakini hizo ni dalili za hatari, hatua ya 5 na 6 palepale.

115 inaita haipokelewi, au mtandao hamna. Mtume mtu kwa mhudumu wa afya wa kijiji au mwenyekiti, wewe anza safari na chombo chochote. Bora mkutane na gari njiani.

Zahanati usiku imefungwa. Gonga nyumba ya mganga mfawidhi, mara nyingi wanakaa jirani. Hayupo, pita, usikae barazani.

Amefika hospitali katulia, mtu wa mapokezi anasema mzima rudini. Usibishane, sema tu "naomba daktari aangalie vidio" na "naomba apimwe sukari". Hayo mawili yanatosha kumfanya mtu yeyote asimame.

Ametapika dawa ya nyumbani. Kabla ya kurudia dozi piga simu wodini, usidhani mwenyewe.

Mtu kasoma kwamba waliokosa hewa wanapoozwa mwili Ulaya, anataka kumwekea vitambaa vya maji. Huko wana mashine na uangalizi wa dakika kwa dakika. Utafiti wa mwaka 2021 wa India, Sri Lanka na Bangladesh ulikuta waliopoozwa walikufa zaidi. Mtoto wako abaki na joto.

Alipona kabisa, sasa ana miezi 4 au 6, akiamka usingizini anakunja mwili mbele na kurusha mikono, anaacha, anarudia, mfululizo mara kumi au ishirini, na ameacha kucheka alivyokuwa anacheka. Wengi wanasema tumbo linamsokota. Piga vidio, njoo wiki hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki, hicho ni kifafa cha aina nyingine na dawa zake ni tofauti na zile za mwanzo.